Maswali Yenu: Hicho Ulicho Nacho Kimetoka Wapi?

Barua za mwezi huu zimenikaa rohoni. Nyingi zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti, mtu anataka kuchora ama kuandika ama kushona kitu chake mwenyewe, halafu akitupa macho nyumbani anaona vipande vya nguo, waya, simu iliyopasuka kioo, na maisha ambayo anadhani hayana hadithi. Nafasi ni ndogo kwa hivyo nimechagua tano, zingine nitazijibu toleo lijalo. Majina nimeyatoa kama kawaida.

Dada, habari ya siku nyingi. Mimi ni fundi wa nguo Kayole, niko na cherehani mbili na msichana mmoja wa kunisaidia. Kwa miaka tisa sijawahi kutupa mabaki, nyuma ya duka kuna magunia sita, kitenge, satini, vitambaa vya yunifomu, lesi, kila kitu. Jioni wateja wakiisha huwa navipanga kwa meza, napiga picha, kisha natoa nafunga duka. Natamani kutengeneza picha za ukutani lakini rafiki yangu aliyesomea mambo ya sanaa chuoni aliniambia hiyo yangu ni ufundi tu, nianze na kanvasi na rangi za maana ndio watu waniheshimu. Kanvasi nimeuliza mjini, bei imenishinda. Nifanyeje? — Fundi, Kayole

Fundi wangu, kazi yako iko hapo kwa meza. Unaipanga, unaipiga picha, unaitoa, yaani umekuwa ukitengeneza picha za ukutani na kuzibomoa jioni hiyo hiyo na bado unaniuliza uanze na nini. Anza kwa kutobomoa. Leo ukishapanga, chukua pini zako zile zile za kazi ubane kila kipande mahali kilipo, uende ulale, kesho utakikuta na utaona mchana kitu ambacho jioni hukukiona.

Kuhusu kanvasi, wacha nikukumbushe Edward Said Tingatinga, juu siku hizi watu wanalitaja hilo jina kama jina la mtindo wa picha wakisahau alikuwa mtu na maisha yake. Alitoka Tunduru kule kusini mwa Tanzania akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi, vile wengi wetu tulivyokuja Nairobi, na karibu mwaka wa 1968 akaanza kuchora. Kanvasi hakuwa nayo. Alichora kwa zile mbao nyembamba ngumu za kutengenezea dari zikiwa zimekatwa mraba, na rangi yake ilikuwa ile ya mafuta ya kupaka baiskeli. Sasa hebu fikiria hiyo rangi kama mtu wa mikono. Inang'aa, ikikauka inakuwa ngumu, na haikubali kuvutwavutwa polepole kutoka rangi moja hadi nyingine, ukitaka nyekundu unaweka nyekundu na inasimama pale peke yake. Ndio maana wanyama kwenye picha zake wana rangi kali, mstari safi, madoadoa yanayoonekana ukiwa mbali. Alifariki 1972, miaka minne hivi tangu aanze, na mpaka leo kuna watu wanalisha familia kwa mtindo ule. Mimi nasadiki kabisa kwamba angepewa kanvasi na rangi za bei ghali siku ile ya kwanza, picha zake zingekuwa zingine na pengine tusingezijua.

Rafiki yako usigombane naye. Ila mwambie kwamba neno sanaa lenyewe katika Kiswahili tangu zamani ni kazi ya mikono iliyofanywa kwa ustadi, huo ukuta anaojenga kati ya ufundi na sanaa Kiswahili chetu hakikuujenga.

Lakini kitu kilichonishika kwa barua yako ni magunia. Miaka tisa! Kila kipande humo kimetoka kwa nguo ya mtu unayemjua. Kuna kitenge cha harusi, kuna sare ya mtoto aliyeingia darasa la kwanza na saa hii ni mrefu kuliko wewe, kuna satini nyeusi ya mazishi iliyoshonwa usiku kucha kwa sababu gari lilikuwa linaondoka alfajiri. Mtu akinunua rangi dukani ananunua kitu ambacho hakijaishi na mtu. Wewe umekaa juu ya Kayole nzima, imekatwa vipande ikatiwa kwa magunia. Kwa hivyo usivipange kwa rangi, hiyo kila mtu atafanya. Mwaga gunia moja tu, lile la zamani zaidi kama unalikumbuka, uvipange kwa wenyewe. Hiki cha nani, hiki cha nani. Vile ambavyo hukumbuki viweke kando, navyo vitakuwa na kazi, vinaweza kuwa anga ama barabara.

Sasa mambo ya mkono. Nunua merikani, kile kitambaa kizito cha pamba cheupe-manjano, si ghali na ni cha historia pia, kinaitwa hivyo kwa sababu enzi za babu wa babu zetu kilikuja Pwani na meli kutoka Marekani. Hicho ndicho ngozi ya nyuma, vipande vinashonwa juu yake. Kila kitambaa usichokiamini kisugue kwanza na kitambaa cheupe kilicholowa, kikiacha rangi kioshe kabla hakijachafua jirani yake. Pamba shona kwanza, satini mwisho, na pasi ikija kwa satini weka kitambaa chenye unyevu katikati maana wewe unajua vile satini hujikunyata. Fremu huhitaji. Kunja juu, shona kama unavyoshona mkanda wa pazia, pitisha fimbo ama bomba jepesi, tundika. Na kama meza yako ni ndogo basi fanya kazi ya ukubwa wa meza, ukipata sita za ukubwa huo utaziunganisha na utakuwa na ukuta mzima. Kitenge usikitundike mahali jua linapiga moja kwa moja, kitapauka.

Nitumie picha. Na hii nakusisitizia, nyuma ya kila kazi andika kwa kalamu isiyofutika vile vipande ni vya nguo gani na mwaka gani. Majina ya watu usiweke kama hujawauliza.

Sasa anti. Mi ni makanga, route yetu ni Embakasi, niko na miaka 24. Naskia stori kwa gari kila siku hadi nikifika keja usingizi hauji. Nataka kuandika kitabu lakini laptopu sina, shule niliachia kidato cha pili, na maisha yangu ni steji na nauli tu, hakuna kitu imenitokea ya kuandikwa. Beste yangu anasema nirekodi abiria na simu bila wajue halafu niandike venye wanaongea. Nianzie wapi? — Makanga, Embakasi

Kijana wangu, umesema hakuna kitu imekutokea, halafu kwa barua hiyo hiyo ukaniambia ukifika nyumbani usingizi hauji kwa sababu ya yale umesikia. Hicho ndicho kimekutokea.

Ya kurekodi niimalize kwanza. Usirekodi. Yule mama anayelia kwa simu kiti cha nyuma saa mbili usiku hajakukabidhi maneno yake, amekosa tu mahali pengine pa kulilia. Sikiliza, beba, na ukifika kuandika badilisha jina, badilisha kazi, badilisha steji anayoshukia, changanya watu wawili wawe mmoja, hadi hata yeye akisoma aseme huyu ananifanana lakini si mimi. Na ukifanya hivyo utagundua unaanza kuandika kwa kweli, kwa sababu kunakili na kuandika ni vitu viwili.

Laptopu. Abdilatif Abdalla, mshairi wetu wa Mombasa, alifungwa 1969 kwa sababu ya karatasi aliyoandika akiikosoa serikali, akatoka 1972. Alipokuwa gereza la Kamiti aliandika mashairi kwa karatasi ya chooni, yakatolewa kwa siri, na mwaka wa 1973 yakatoka kitabu, Sauti ya Dhiki, kitabu ambacho mpaka leo kinasomwa na watu wanaojua shairi. Miaka michache baadaye Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini humo humo Kamiti, kuanzia siku ya mwisho ya 1977, na mwaka uliofuata akaandika riwaya nzima ya Kikuyu kwa karatasi ya aina hiyo hiyo. Kamiti unaijua iko wapi, si mbali. Sikuambii haya ati ushukuru kwa shida, hakuna mtu anafaa kuandika namna ile na waliowaweka pale walifanya kosa kubwa. Nakuambia kwa sababu ukikaa kungoja mashine utangoja sana, na wewe mfukoni uko na kalamu ya kuandikia hesabu ya gari.

Sasa tuongee kazi, hapa ndipo utamu ulipo. Trip moja kutoka Embakasi hadi tao ni hadithi iliyokwisha kuchongwa. Iko na mwanzo pale steji, watu ambao hawajuani wanafungiwa pamoja, kuna jam katikati ambapo hakuna anayeweza kutoka, kuna mwisho ambapo kila mtu anashuka na hamtaonana tena. Waandishi wengi wanahangaika miaka kutafuta umbo kama hilo, wewe unapewa mara nane kwa siku. Usianze kitabu. Andika trip moja. Kurasa mbili za daftari lile dogo linaloingia mfuko wa nyuma, ukiwa steji mkingoja gari ijae.

Na usianze na stori za abiria, anza na mikono yako. Andika vile noti zinakunjwa kati ya vidole. Andika kugonga bodi, ile lugha yenu na dere ya simama na twende ambayo sisi abiria tunaisikia kila siku na hatuijui. Andika vile unaangalia mtu kabla hajapanda na unajua huyu hana nauli, na wakati mwingine unamwacha apande. Kwa nini unamwacha? Hapo hapo, hilo swali, kaa nalo kurasa tatu. Hayo hakuna mtu wa chuo anayeyajua, ni wewe.

Lugha andika ile unaitia nayo watu. Usijaribu kuandika Kiswahili cha mtihani, utasikika kama mtu amevaa koti la babake. Baadaye ukitaka kusafisha utasafisha, lakini maneno yakifa mapema hayafufuki. Siku ukikosa hata dakika ya kuandika, jirekodi mwenyewe kwa simu ukitembea kwenda nyumbani, sauti yako ukisimulia kitu kimoja tu cha siku hiyo. Hiyo ndiyo rekodi ninayoikubali. Fanya mwezi mmoja halafu unitumie trip tatu, nitazisoma zote tatu.

Dada mhariri, natengeneza picha za ukutani kwa vifuniko vya soda na bia, naokota kwa baa mbili za mtaani. Maswali mawili. Moja, gundi nyeupe haishiki, baada ya wiki vinaanza kuanguka. Mbili, wateja wananiambia ati ni takataka, wanataka kunilipa mia mbili. — Mwokota vifuniko, Githurai

Gundi nyeupe ni ya mbao na karatasi, inataka kitu kinachonyonya, na chuma hakinyonyi. Osha vifuniko kwa maji moto na sabuni utoe mafuta, bandua ile plastiki ya ndani, kwaruza upande unaogusa mbao kwa msasa, halafu tumia ile gundi ya tyubu mbili zinazochanganywa. Ila ukinisikiliza mimi, achana na gundi kabisa. Toboa kwa msumari uvishone kwa waya mwembamba wa shaba.

Hivyo ndivyo anavyofanya El Anatsui, mzaliwa wa Ghana wa mwaka wa 1944 ambaye kwa miaka mingi amefanya kazi Nsukka, Nigeria. Miaka ya tisini mwishoni alipata mfuko wa vifuniko vya chupa za pombe, akakaa navyo kabla ya kujua atavifanyia nini, baadaye akavipiga bapa, akavikunja, akaviunganisha kwa waya wa shaba, maelfu kwa maelfu, hadi vikawa kama kitambaa kikubwa kinachoning'inia na kukunjika. Leo kazi zake ziko kwa majumba makubwa ya makumbusho, British Museum kule London na Metropolitan kule New York, na mwaka wa 2023 zilijaza ule ukumbi mkubwa wa jumba la sanaa la Tate Modern, London. Na sikiliza kwa nini alibaki na vifuniko vya pombe. Pombe ilikuja Afrika Magharibi na meli za Wazungu, ilikuwa bidhaa ya kubadilishana katika biashara ile ile iliyobeba watu kuwapeleka ng'ambo. Kwa hivyo kila kifuniko pale kinakumbuka hiyo safari, na ndio maana ukitazama kile kitambaa kinachometa kuna kitu kinakushika koo.

Sasa wewe unaokota kwa baa mbili za Githurai. Ni baa gani, nani anakunywa hapo, mwisho wa mwezi vinakuwa vingapi na katikati ya mwezi vingapi? Hebu jaribu kuvikusanya kwa tarehe. Picha moja ya tarehe 30 na nyingine ya tarehe 17, zikae pamoja ukutani. Mimi ningesimama hapo muda mrefu.

Bei. Ukiwaza kwamba kitu uliokota bure basi kazi ni ya bure, mteja ataisoma hiyo kwa uso wako. Tuseme picha ina vifuniko 400, na kila kimoja kinakula dakika 2 za kuosha, kunyoosha, kutoboa na kushona. Hizo ni dakika 800, zaidi ya saa 13, karibu siku mbili za kazi. Mtu wa mjengo akifanya siku mbili hakuna anayemwambia udongo ulikuwa bure. Weka siku mbili zako, weka waya, mbao, nauli, weka na zile ulizokosea ukatupa. Hiyo ndiyo sakafu, chini yake usishuke. Anayetaka ya mia mbili mtengenezee ya ukubwa wa kiganja. Na neno takataka wewe mwenyewe usilitumie tena ukiuza.

Mama, naomba unisaidie. Mtoto wangu ana miaka kumi na moja, tunaishi Mukuru nyumba ya kumi kwa kumi watu watano. Anaokota waya, redio mbovu, vifuniko, tairi za toi, chini ya kitanda kumejaa. Anatengeneza matatu na ndege, kwa kweli ni nzuri, lakini babake wiki iliyopita alitupa yote na mtoto hajala vizuri tangu siku hiyo. Mwenye nyumba pia analalamika. Nimwachishe? — Mama wa watano, Mukuru

Pole mama, na pole kwake zaidi. Usimwachishe.

Cyrus Kabiru alizaliwa hapa hapa Nairobi 1984, nyumba yao ilikuwa inatazama jalala. Alipokuwa mtoto alitamani sana miwani, na babake akamwambia kama unataka miwani jitengenezee. Akajitengenezea. Hakuacha mpaka leo, anaunda miwani mikubwa ya ajabu kwa waya, vijiko na vyuma vya kuokotwa, na imeonyeshwa nchi nyingi. Mimi humfikiria sana yule baba. Neno lake lingeweza kuwa la kumnyamazisha mtoto, likageuka mlango. Baba wa huyu wako bado hajachelewa.

Ongea naye wakati mtoto hayuko, usianze na kosa la kutupa, anza na nafasi, kwa sababu nafasi ni shida ya kweli, watu watano futi kumi kwa kumi si mchezo na mwanamume akikanyaga waya usiku anaumia. Tafuteni kreti moja ama debe. Mtoto anaruhusiwa kuwa na vinavyoingia humo, vikijaa achague mwenyewe kipi kitoke. Najua ni sheria ngumu kwa mtoto lakini itamfundisha kuchagua, na hilo litakuwa nusu ya kazi yake akiwa mkubwa. Halafu zile alizomaliza, mbili ama tatu bora, mtundikie kwa ukuta na misumari, juu, baba azione kila akiingia.

Kuna vitu hafai kugusa na hapa nakuwa mkali. Asichome waya kutoa shaba, ule moshi wa plastiki ni sumu, akwangue ganda kwa kisu butu ukiwa karibu. Betri zilizovimba ama zinazovuja asiguse. Zile taa ndefu nyeupe za mirija zina zebaki ndani, zikipasuka si za mtoto. Televisheni za zamani zenye mgongo mkubwa asifungue.

Na uko Mukuru, sasa utanifurahia. Hapo Lunga Lunga kuna wasanii wanaitwa Wajukuu, walianza wenyewe mtaani na wanafundisha watoto sanaa. Mwaka wa 2022 walialikwa documenta, maonyesho makubwa yanayofanywa Kassel, Ujerumani, kila miaka mitano, na wakafunika mlango wa jumba la maonyesho kwa mabati, mabati kama ya nyumba yako mama, hadi mgeni akiingia anapita kwenye njia nyembamba yenye giza kama anaingia mtaani kwenu. Mwaka huo wakapewa tuzo ya Arnold Bode. Kwa hivyo hayo mabati wengine wanayaona aibu yalisimama mbele ya dunia na dunia ikainamisha kichwa kupita. Mshike mtoto mkono siku moja umpeleke, na kama babake anaweza kukubali kwenda, basi aende yeye.

Sisi tukiwa watoto tulishona mipira kwa juala, ile mifuko ya plastiki, na kamba ya gunia. Juala zilipigwa marufuku 28 Agosti 2017 na mimi naunga mkono, mitaro yetu ilikuwa imeziba, lakini nilipoona watoto wa jirani yangu wakikunja soksi na matambara kutengeneza mpira ule ule nilisimama nikawatazama mpaka wakamaliza. Hakuna aliyewafundisha.

Dada, sijui kama swali langu linafaa hapa. Baba yangu alifariki mwaka jana. Alifanya kazi Industrial Area zaidi ya miaka thelathini kwa kiwanda kimoja. Tumebaki na ovaroli zake tatu, za bluu, moja kwa mfuko bado kuna kipande cha penseli na karatasi aliyopiga hesabu. Mimi hushona kwa mkono. Nataka kutengeneza kitu cha ukutani kwa hizo ovaroli. Ndugu zangu wawili wamekataa, mmoja anasema nguo za marehemu hazikatwi, mwingine anasema nataka kumfanya baba maonyesho. Mama hajasema kitu. Niko sawa ama nimekosea? — Binti wa kiwandani, South B

Swali lako linafaa hapa kuliko yote. Nimelijibu mwisho kwa sababu nilihitaji muda.

Shangazi yangu alipofariki mimi nilipewa leso yake moja. Nilikuwa kijana, nina haraka, nachapa picha kwa soli za ndara nilizochonga kwa wembe, nikisugua karatasi na mgongo wa mwiko kwa sababu mashine sikuwa nayo, na nikaona nitaikata ile leso nichapishie juu yake. Ilikuwa na maneno WEMA HAUOZI. Nilikata katikati. Sikuangalia hata mkasi unapita wapi. Miezi michache baadaye binti yake akanijia kuuliza kama naweza kumpa ajifunge siku ya kuzaliwa kwa mtoto wake, maana ndiyo mamake alimbebea yeye. Nilimpa vipande viwili vimeshonwa. Alivipokea, akanishukuru, na sijawahi kusahau uso wake. Picha nilizochapa kwa ile leso zilikuwa nzuri. Sijawahi kuzionyesha.

Kwa hivyo hukukosea kutaka, na ndugu zako hawajakosea kukataa. Yule anayesema nguo za marehemu hazikatwi usimwone mshamba, katika jamii nyingi nguo za aliyefariki zina utaratibu wake, nani azipokee, lini, zifanywe nini, na wewe hujaniambia kwenu ni vipi. Kaulize mzee wa upande wa baba kabla ya mkasi. Yule wa maonyesho mwulize swali moja tu, ukumbi gani? Labda anaogopa baba yenu ataangaliwa na watu wasiomjua. Mwambie kazi ya kwanza itakaa sebuleni kwa mama na haitatoka bila neno la wote.

Na mama, ambaye hajasema kitu. Usimwulize mbele ya watu. Nenda siku ya kufua ukamsaidie, na mkiwa mnaanika umwulize hizi ovaroli alikuwa akizifua vipi, maana ni yeye alizifua hiyo miaka thelathini, anajua kila doa la grisi lilikataa kutoka lini. Yaandike anayosema. Inawezekana mkono uliogusa zile nguo zaidi si wa baba, ni wake, na hiyo kazi unayotaka kutengeneza ikawa ni ya watu wawili. Mimi nahisi hivyo kwa kusoma tu barua yako.

Kabla ya chochote zipige picha zote tatu mbele na nyuma, zikiwa zimetandazwa mchana kwenye mwanga. Wakikubali, moja ibaki nzima kabisa, hiyo isiguswe na mtu. Nyingine mbili usizikate bado, zifumue. Kaa na kiwembe cha kufumulia, toa uzi mmoja mmoja kwa mishono ya kiwandani, itakuchukua siku kadhaa na hizo siku unazihitaji. Kitambaa kilichofumuliwa kinaweza kushonwa tena kikarudi vile kilivyokuwa, kilichokatwa hakiwezi. Utaona chini ya mifuko na kola bluu ya zamani haijapauka, ile rangi aliyovaa siku ya kwanza kazini, iko pale imejificha. Hiyo bluu mbili, ya juu na ya ndani, ndiyo picha yako, huhitaji kuongeza uzi wa rangi nyingine.

Anza na ule mfuko. Penseli na karatasi yake viache humo humo ndani.